Shikamoo ya Toleo la Sita

1

Siku Mkuu wa Wilaya alipomwamkia muuza chipsi, mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nimeshika sinia lenye mkasi wa kukatia utepe. Niliona kila kitu.

Kusema haki, aliyeamkia si yeye. Ni Kitanga chake, kile kifaa cha kubebea barua. Alikuwa amekichomeka kwenye mfuko wa shati, kipya kabisa, Toleo la Tano, kijicho chake chekundu kikichungulia nje. Kibwana naye, muuza chipsi wa stendi, alikuwa amesogea kuuliza kama wageni watakula au azime jiko. Kwenye aproni yake kulining'inia Kitanga cha marehemu babu yake, Toleo la Kwanza, kimefungwa raba ili betri isidondoke. Vijicho viwili vikaonana.

"Shikamoo!" kikasema cha Mkuu wa Wilaya, kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu," kikajibu cha Kibwana, sauti nzito, ya mtu aliyekula akashiba. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama. Haya, lete barua."

Umati mzima uliokuja kwenye ufunguzi wa kituo cha chaji ukanyamaza. Mwenyekiti wa mtaa aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Binti!" Mkuu wa Wilaya alinigeukia. "Wewe si ndiye wa kampuni? Kizime!"

"Mheshimiwa, usikikatize katikati ya..."

Alishabonyeza. Kitanga kikatoa mlio mfupi wa aibu, kisha kikasema kwa sauti kubwa zaidi: "Samahani sana, mzee wangu. Mmiliki wangu ana haraka. Naomba kuanza upya. Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," kikarudia cha Kibwana, bila kinyongo.

Kibwana alikuwa ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mheshimiwa, wallahi si mimi. Ni babu."

Hapo ndipo umati ulipopasuka. Kicheko kile kilifika sokoni kabla yangu.

2

Injinia Kobelo, mkuu wa karakana yetu, alinipokea mlangoni.

"Wamecheka?"

"Mwenyekiti wa mtaa amelia machozi."

"Ya huruma?"

"Hapana, Injinia."

Akakaa. Kanuni ile ya salamu aliiandika yeye, mimi nikiwa bado chuoni nahangaikia diploma, na anaipenda kama mtu anavyompenda mtoto anayemtia aibu mbele za watu.

Kanuni yenyewe ilikuwa na sababu. Tangu minara ya simu ilipozimwa, barua katika mji wetu wa Kisangasa husafiri kwa miguu ya watu. Unaandika kwa kalamu kwenye kioo cha Kitanga, unakiweka mfukoni, unakwenda zako. Kila ukipishana na mtu, vifaa vyenu vinatupiana miali isiyoonekana, chako kinampa barua zinazoelekea upande wake, chake kinakupa zinazoelekea upande wako. Tatizo ni kwamba vikisema vyote kwa pamoja, miali inagongana na barua zinasagika. Lazima kimoja kianze, kingine kisubiri. Kianze kipi? Injinia Kobelo alijijibu kama mama yake mzazi angemjibu: kianze kidogo, kimwamkie kikubwa. Na kidogo ni kipi? Ni chenye mfumo endeshi wa toleo jipya zaidi. Matoleo yakilingana, kilichotoka kiwandani baadaye ndicho kinachoamkia. Kanuni fupi, safi, haili kumbukumbu.

Ikaenda vizuri hadi tulipoanza kuboresha. Toleo la Pili liliweka taa nyuma ya kioo. La Tatu likajifunza kusoma mwandiko wa kila mtu, hata wa madaktari. La Nne likaanza kupanga miadi lenyewe na kukukumbusha arobaini za watu. La Tano linakaa na chaji wiki nzima. Na kila ulipokubali kusasishwa, uliamka kesho yake ukiwa mdogo kuliko jana. Walimu waliosasisha waliwaamkia wanafunzi wao. Mama mkwe mmoja wa Mtaa wa Bomba alimwamkia mkamwana wake mbele ya wifi zake watatu, akafunga mlango akakaa ndani hadi mwezi ukaandama. Vijana wajanja wakaanza kuyatafuta Matoleo ya Kwanza, mazito kama mche wa sabuni, kioo cha kijivu, ili wapite mjini wakiitikia marahaba. Na wazee wenyewe, waliokuwa nayo tangu mwanzo, waliapa kwamba hawasasishi kitu.

Hapo ndipo tulipokwama, maana Toleo la Kwanza lilikuwa linakufa.

"Jumamosi," alisema Injinia Kobelo, kama vile mimi sijui.

Saa ya Toleo la Kwanza huhesabu siku kwa kuzirundika kwenye kijisanduku kidogo cha kumbukumbu. Walioitengeneza hawakutarajia kifaa kiishi muda wote huu. Jumamosi kijisanduku kitajaa. Kikijaa, kifaa kitadhani ndiyo kwanza kinatoka kiwandani. Kitafuta kila kilichomo, kisha kitaandika kwa furaha: *Karibu! Jina lako nani?*

"Tuwadanganye umri," akasema. "Toleo la Sita, lenye dawa ya saa, lijitambulishe kama la Kwanza."

"Tulishajaribu, Injinia. Hukuwepo."

Tulikuwa tumeweka Vitanga vinne mezani, vyote vya Toleo la Sita la majaribio, vyote vikijidai wazee wa Toleo la Kwanza, wenye tarehe moja ya kutoka kiwandani. Hakuna kilichoanza. Kila kimoja kilikaa kinasubiri kuamkiwa. Baadaye kimoja kikakohoa. Kikohozi kile tulikiweka sisi wenyewe kwenye Toleo la Tatu, kwa ajili ya kuwakumbusha wasio na adabu. Kingine kikakohoa kujibu. Mchana kutwa karakana ililia kama wodi ya kifua kikuu, na hakuna hata barua moja iliyotoka.

Injinia Kobelo akanyoosha mkono. "Lete chako."

Nikampa. Akakichomeka waya, akacheza na kibodi kidogo, akanirudishia.

"Baada ya *habari za nyumbani*," alisema bila kunitazama, "kifaa cha mzee kinafungua mlango. Hakiulizi kinachoingia, kwa sababu aliyeamkia vizuri hashukiwi. Nimeweka Toleo la Sita hapo mlangoni. Wewe ingia tu kwa shangazi yako. Salamu itafanya kazi yenyewe. Kwake mji mzima unapita, nacho chake kitawapa wengine."

"Bila kumwambia?"

"Tuliwaambia, Sikitu. Walikataa."

"Ndiyo maana nauliza."

"Unataka wapoteze kila kitu kwa sababu ya kiburi?" Sasa alinitazama. "Na wewe unajua kilichomo kwenye kile cha shangazi yako. Unajua kuliko mtu yeyote."

Nilijua. Humo mlikuwa na ndoa yangu.

3

Shangazi Zamoyoni ni mshenga. Kisangasa nzima, ukitaka kuoa au kuozesha, njia inapita ukumbini kwake. Kitanga chake kina koo zote: nani ndugu wa nani, nani alinyonyeshwa na nani kwa hiyo asimwoe fulani, ukoo gani ulimkataa nani na kwa maneno gani. Vijana wawili walishawahi kuja kwake wameshikana mikono wakaondoka wakiitana kaka na dada.

Posa yangu mimi na Mrisho, fundi wa paneli za jua wa Mtaa wa Juu, ilikuwa humo pia, imefika mwisho. Kwetu walishakubali. Jibu lilikuwa limeandikwa tayari, ila Shangazi alikuwa hajalitoa. Utaratibu wake ni kuwaacha wa upande wa pili wapike chai na kulingoja jibu kwa muda, wasije wakadhani tuna haraka ya kumtoa mtoto. Alipanga litoke Jumapili.

Nilifika kwake nimeingiza mkono mfukoni, kidole gumba kimeziba kijicho cha Kitanga changu. Njia nzima nilijiambia nitakiondoa nikifika mlangoni. Mlangoni nikajiambia nitakiondoa nikishakaa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Mbona mkono mfukoni kama mgambo? Toa tukuone."

Nikautoa, na Kitanga, na kidole.

"Jicho lake lina nini, linatoa machozi?"

Kitanga chake kilikuwa juu ya mto, kimelala kama paka wa nyumba ya kitajiri, kijicho wazi. Ningeinua kidole tu, vingeamkiana, vingeulizana habari za nyumbani, na kazi ingekwisha kabla chai haijamiminwa. Asingejua hadi kesho yake, pale kifaa chake kitakapomwamkia Kibwana wa chipsi.

"Shangazi," nikasema, "nina jambo baya."

Nikamweleza yote. Kijisanduku, Jumamosi, Injinia Kobelo na waya wake, na kilichokuwa kinasubiri chini ya kidole changu. Alisikiliza akikunja kanga magotini, mkunjo juu ya mkunjo.

"Yaani," akasema mwishoni, "mtu anabisha hodi, ananiamkia, namkaribisha, naingia jikoni kumtafutia kikombe. Kumbe amekuja na fundi na matofali, nikirudi nakuta ukuta umehamishwa."

"Ndivyo hivyo."

"Na huyo Kobelo mamaye nilimposea mimi!" Akapiga goti. "Nisingemposea, asingekuwepo!"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na Jumamosi kikifuta, posa yako nayo?"

"Yote."

"Na bado umekiziba?"

Nikakikandamiza zaidi. Kidole kilishaanza kufa ganzi.

Akachukua leso akaitupia Kitanga chake, akakifunika uso. "Haya, pumzisha hicho kidole usije ukakatwa. Ila nakwambia, sisasishi. Nikaitikie nini mjini? Nipite sokoni, kifuani kwangu panatoka *shikamoo, shikamoo*, kwa wauza nyanya niliowaona wakizaliwa?"

"Kumbe kinachokuuma ni kusema kwake?"

"Wewe ulidhani ni nini? Mambo ya matoleo nayajua mimi? Kiwe la sita, kiwe la sitini, ni chuma tu. Lakini kinasema, na watu wanasikia kinatoka kwangu."

Nilikuwa naona maandishi ya programu yakipita kichwani, mstari kwa mstari, na mstari mmoja ukitoka.

"Na kikinyamaza?"

"Kinyamaze vipi? Na barua?"

"Kina sikio, Shangazi. Tangu Toleo la Tatu. Kisianze chenyewe. Kisikilize wenyewe mkiamkiana kwa midomo yenu. Aliyeamkia, kifaa chake kinaanza. Aliyeitikia, chake kinafungua. Matoleo hayahusiki tena, na Mkuu wa Wilaya atabaki Mkuu wa Wilaya."

Macho yake yakaniambia kwamba ameipenda, ila hatakubali mapema, kwa utaratibu uleule wa posa. Na mimi hapohapo nikakumbuka kitu.

"Ila, Shangazi," nikasema polepole. "Kuna Bi Tunu."

Uso wake ukakunjamana.

Bi Tunu ni mshenga wa Mtaa wa Juu, bibi yake Mrisho, na ndiye anayebeba posa upande wao. Yeye na Shangazi hawajaamkiana tangu harusi moja ya zamani, ambapo Bi Tunu alionja pilau la Shangazi mbele ya kamati nzima, akauliza, "Huu wali nani ameupaka rangi?" Posa yetu ilikwenda vizuri kwa sababu vifaa vyao ndivyo vilivyoongea. Walikuwa wakipishana sokoni, mmoja kageukia vitunguu, mwingine kageukia dagaa, na vifuani mwao Vitanga vinaulizana habari za watoto kama mashoga.

"Ukiweka hiyo ya kwako," alisema Shangazi, "mpaka nimwamkie yule?"

"Au yeye akuamkie. Ninaweza kuwawekea nyinyi wawili upenyo, muendelee kama zamani. Lakini utakuwa mlango uleule wa Kobelo, na atakayeujua atapita."

"Na usipoweka, huolewi."

"Sijui, Shangazi."

Alikaa akiitazama ile leso, na umbo la kifaa chini yake. Nilimwona akipima, koo zote za Kisangasa upande mmoja, wali uliopakwa rangi upande wa pili. Nilijua mizani ile haikuwa mbali na kulingana.

"Weka," akasema. "Ukoo wa watu siwezi kuuacha ufutwe na saa. Bila upenyo. Bi Tunu niachie mimi."

4

Injinia Kobelo alisoma nilichoandika, akasoma tena.

"Umeitoa salamu yangu."

"Nimeirudisha kwa wenyewe."

"Mtandao utakuwa wa polepole kama konokono. Watu wasiosemezana je?"

"Wataanza kusemezana."

"Wewe huwajui watu," alisema, lakini akaisaini, kwa sababu Alhamisi ilishafika na wazee walikuwa wamepanga mstari hadi nje ya karakana. Habari kwamba Toleo la Sita halitamwamkia mtu yeyote ilikuwa imewafikia. Walikuja na Vitanga vyao vimefungwa kwenye vitambaa na mifuko ya sukari, na kila mmoja aliuliza swali lilelile: "Una hakika halitasema?"

Injinia aliwajua watu kunizidi. Ijumaa mchana, Toleo la Sita likiwa limeshaingia karibu kila Kitanga, mji ulijaa barua zilizokwama. Mwenye nyumba na mpangaji wake. Mashemeji waliogombania ndama. Injinia mwenyewe aligundua kwamba barua zake zote zinapita kwa jirani yake mwenye majogoo, mtu ambaye hajamsabahi tangu jogoo wa kwanza. Nilimwona dirishani akisimama kwenye ua wa michongoma, anakunja na kukunjua mikono. "Habari za asubuhi," alisema hatimaye, saa nane mchana. Jirani alishtuka hadi akadondosha pumba.

5

Jumapili Shangazi alivaa kanga mpya, akaniambia nimfuate. Haikuwa kawaida mposwa kwenda, lakini alisema anahitaji fundi.

Bi Tunu alitukaribisha kwa kutomkaribisha Shangazi.

"Karibu, Sikitu mjukuu wangu. Mkeka huo hapo. Kama umekuja na mtu, naye mkeka anauona."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Wakaketi wakitazamana, kila mmoja na Kitanga chake mbele yake juu ya mkeka. Vijicho viliwaka. Vilinyamaza. Jibu la ndoa yangu lilikuwa kwenye kimoja, umbali wa sahani ya ubwabwa kutoka kingine.

"Sikitu," alisema Shangazi, "mwambie mwenye nyumba kwamba mimi ndiye mgeni. Mgeni huamkiwa."

"Sikitu," alisema Bi Tunu, "mwambie mgeni kwamba anayeingia ndiye anayeamkia. Sijui kwao wanafanyaje."

"Mwambie mimi ni mkubwa kwake."

"Mkubwa!" Bi Tunu akacheka. "Mwulize, ana miaka mingapi?"

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Nilijua kwa nini. Mjini kote anajulikana kuwa ana miaka hamsini na minane, na amekuwa nayo kwa muda mrefu. Kudai ukubwa kungemlazimu ataje mingine.

"Mwulize yeye kwanza," akasema.

Sasa Bi Tunu naye alishika bangili zake akawa anazizungusha. Nilikaa katikati yao nikihesabu mafundo ya mkeka na kujiuliza kama Mrisho angekubali kuningoja hadi mmoja wao afe, na kama baada ya hapo ingewezekana kumwamkia marehemu.

Ndipo nikaona mdomo wa Shangazi ukipinda pembeni. Ninaujua mpindo ule. Huwa anao akishapata bei anayoitaka.

Akainamisha kichwa, akapiga goti kidogo akiwa amekaa, kwa heshima zote, kama mwali.

"Shikamoo, dada," akasema.

Ukumbi mzima ulisikia. Kwenye kioo cha Kitanga chake pakaandikwa: *Nimesikia. Nasubiri kuitikiwa.*

Bi Tunu alivimba. "Dada? Dada nani? Mimi dada yako, Zamoyoni? Wewe uliyekuwa unatufunga vitambaa vya ngoma sisi tukiwa hatujaota meno?"

"Nimekuamkia, dada. Itikia."

"Siitikii uongo nyumbani kwangu!"

"Basi mtoto wa watu asiolewe. Mimi adabu yangu nimeshaitoa, mashahidi wapo. Shikamoo, dada yangu. Miguu hii inakuuma sana siku hizi?"

Kitoto cha jirani kilichokuwa kikipita nje kilisimama kuangalia. Bi Tunu alinitazama mimi. Sijui uso wangu ulikuwa umekaaje, lakini aliutazama kwa muda, na bangili zikatulia.

"Marahaba," alisema, neno likitoka kama jino. Kisha, kwa kuwa lilishatoka, akaamua kulila faida. "Marahaba, *mdogo* wangu. Na tangu leo nikikutuma chumvi, unakwenda. Nikisema pilau lina kasoro, unasema ahsante dada."

"Pilau halikuwa na kasoro."

"Lilikuwa na rangi!"

"Ilikuwa bizari, Tunu! Bizari kutoka kwa Mhindi wa stendi, yule yule aliyekuuzia wewe ile ya harusi ya Chiku, ikawafanya watu waharishe!"

"Nani aliharisha? Taja mmoja!"

"Sheikh!"

Bi Tunu akashika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. "Astaghfirullah. Kumbe alikuambia?"

"Ni nani ambaye hakumwambia? Alitoka katikati ya nasaha!"

Kwenye mkeka, kijicho kilimulika kijicho. Barua ikapita. Kioo cha Bi Tunu kikawaka: *Upande wa binti wamekubali.* Kikafikiri kidogo, kikarudisha siku ya harusi ambayo wa kwao walikuwa wamekwisha kuipanga. Kikawaka cha Shangazi: *Imepokelewa.*

"Jibu limefika," nikasema.

Bi Tunu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga na kumuuliza Shangazi kama yule sheikh bado yu hai. Shangazi alikuwa ameshavua viatu.

"Shangazi. Bibi. Nimesema jibu limefika. Naolewa."

"Sikitu, mama," alisema Shangazi bila kugeuka, "nenda kaangalie kama kuna maji jikoni. Mimi na dada yangu tunaongea."